Usingoje Jino Likuume Ndipo Uende kwa Daktari



Jioni moja baada ya swala ya Alasiri tulikuwa tumeketi barazani, sahani ya embe ngowe ipo katikati yetu. Niliuma kipande, na nilipokitazama nikaona kimeingia wekundu. Nikatema mate, nayo yalikuwa mekundu. Rafiki yangu mmoja akacheka, akasema, "Ndio utu uzima huo, sheikh." Sote tukacheka, tukaendelea kula.

Usiku huo sikulala vyema. Nilimkumbuka marehemu babangu, Mola amrehemu. Alifika miaka 60 hana gego hata moja. Meno yake hayakuoza. Yalikuwa meupe na mazima, lakini yalilegea moja baada ya jingine. Jino likianza kucheza, akilifunga uzi na kulivuta mwenyewe, kisha akisukutua kwa maji ya chumvi. Sisi watoto tuliambiwa ni uzee. Babangu alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mimi nina miaka 46. Kwa daktari wa meno nilikuwa nimekwenda mara mbili tu maishani mwangu, na mara zote mbili nilikwenda nikiwa nimeshika shavu, nikarudi nikiwa na pengo. Nadhani wengi wetu hapa Pwani ndivyo tulivyo. Tunamjua daktari wa meno kama mtu wa kung'oa. Ndiyo maana tunamwogopa, na kwa kuwa tunamwogopa tunakwenda tukiwa tumechelewa, na kwa kuwa tumechelewa hana la kufanya ila kung'oa.

Safari hii nilikwenda bila maumivu yoyote, kwa ukaguzi wa kawaida na kusafishwa meno. Nataka nikueleze hatua kwa hatua nilichokikuta, ili nawe ukienda ujue unaingia wapi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Huhitaji kufunga. Kula kama kawaida, hasa ikiwa una sukari na unatumia dawa, kwa sababu kukaa na njaa kwenye kile kiti kunaweza kuishusha sukari yako. Piga mswaki, kisha uende.

La muhimu ni kubeba majina ya dawa unazotumia, au uzitie dawa zenyewe kwenye mfuko uende nazo. Daktari atakuuliza kama una sukari, presha, maradhi ya moyo, pumu, au kama kuna dawa inayokudhuru ukiitumia. Akina mama wataulizwa kama ni wajawazito. Usifiche. Mtu anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi anaweza kutoka damu zaidi ya wengine. Mwenye tatizo la vali za moyo huenda akahitaji dawa kabla ya kuguswa fizi, kwa sababu wadudu wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kufika moyoni. Usiache dawa zako kwa kujiamulia mwenyewe eti kwa kuwa unakwenda kwa daktari wa meno. Mwambie unazitumia, aamue yeye.

Kwenye kiti

Daktari niliyemkuta alikuwa msichana wa hapa hapa Mombasa, umri wa mpwa wangu. Aliniita "ami" tangu nilipoingia, na hilo peke yake lilinipunguzia hofu. Kiti kikalazwa nyuma, taa ikashushwa, nikavishwa kitambaa kifuani na miwani machoni.

Nilidhani ataanza na meno, lakini alianza na shingo. Aliipapasa chini ya taya kutafuta uvimbe, kisha akatazama midomo kwa ndani, mashavu, paa la kinywa, na akaniambia niutoe ulimi aushike kwa kitambaa autazame pembeni na chini. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta vidonda visivyopona na mabaka meupe au mekundu, kwa sababu saratani ya kinywa huanza hivyo, kimya kimya, bila kuuma.

Hapa naomba wenzangu wanaopenda tambuu na tumbaku ya kutafuna wanisikilize. Popoo, hata ikiliwa bila tumbaku, imeshawekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kidonda cha kinywani kilichozidi wiki mbili bila kupona hakitaki dawa ya duka. Kinataka daktari akitazame.

Baadaye ndipo akaja kwenye meno. Alikuwa na kioo kidogo chenye mpini na chuma chembamba, akipita jino moja baada ya jingine na kumtajia msaidizi wake aandike: hili zima, hili limezibwa, hili halipo. Mtu mzima aliyetimia ana meno 32, mimi nikahesabiwa 29. Mawili ni yale niliyong'olewa, na moja ni gego la mwisho ambalo halikuwahi kuota.

Halafu akachukua chuma kingine chenye alama kama rula. Hiki kilikuwa kigeni kwangu. Baina ya jino na ufizi kuna kijifuko chembamba, na chuma hicho hupima kina chake. Ufizi mzima huwa na kina cha milimita moja hadi tatu. Kikizidi hapo, ina maana ufizi umeanza kuachana na jino. Nililala pale nikisikiliza nambari zangu zikisomwa: mbili, tatu, mbili, tatu. Alipofika kwenye magego ya chini upande wa kulia nikasikia tano, tano, nne. Sikuhitaji kuelezwa kwamba hizo si habari njema.

Mwisho nikapigwa picha ya eksirei ya magego. Mionzi yake ni kidogo sana, lakini mama mjamzito aseme mapema ili daktari aamue kama picha inaweza kungoja. Kwenye picha nilioneshwa mfupa wa taya unaoshika meno. Upande mmoja umepanda hadi karibu na shingo la jino. Upande wa zile tano, umeshuka.

"Ami," akasema, "mfupa uliopotea haurudi wenyewe. Lakini uliobaki tunaweza kuulinda. Hujachelewa."

Ukoga ni nini hasa

Ukila, kunabaki utando laini juu ya meno, umejaa wadudu wasioonekana kwa macho. Ukipiga mswaki vizuri unaondoka. Ukiuacha, ndani ya siku chache madini yaliyomo kwenye mate yanaanza kuugandisha. Wanaotumia maji ya kisima wanaijua ile rangi nyeupe inayoganda ndani ya birika. Ukoga ni kitu kama hicho. Ukishaganda, mswaki hauuwezi, hata usugue hadi fizi zichubuke.

Ukoga ukikaa kwenye mzizi wa ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu. Hapo bado ni mapema, na ukisafishwa fizi hurudi kuwa nzima kabisa. Ukiachwa, huteremka chini ya ufizi ambako huuoni, na mfupa unaanza kuliwa. Haya yote hayaumi. Ndiyo maana jino la babangu lilikuwa jeupe na zima, na likatoka kwa uzi.

Wala si mimi na babangu tu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa karibu watu wazima wote waliochunguzwa. Meno yaliyooza yalikutwa kwa takriban mtu mmoja katika kila watatu. Tunaogopa kuoza na tunapuuza damu, na damu ndiyo iliyotuzidi.

Kusafishwa kwenyewe

Daktari hutumia kifaa chenye ncha kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde moja huku kikirusha maji. Mtetemo ndio unaoupasua ukoga, na maji huupoza na kuuosha. Mlio wake ni mwembamba, kama wa mbu aliyekwama sikioni. Msaidizi anakuwekea mpira wa kufyonza mate na maji ili usipaliwe. Kabla ya kuanza tulikubaliana kwamba nikiinua mkono wa kushoto atasimama. Kubaliana hivyo na daktari wako. Niliinua mara mbili, na mara zote mbili alisimama.

Je, inauma? Nitakwambia kweli. Meno ya mbele sikuhisi kitu ila baridi. Pale kwenye magego yenye tano, ilichoma, kwa sababu fizi zilikuwa na uvimbe na kifaa kilishuka chini yake. Aliniuliza kama nataka sindano ya ganzi upande huo, nikakubali, na baada ya hapo nikasikia mlio tu. Kadiri unavyochelewa ndivyo kunavyouma, na aliyezoea kwenda mapema huenda asihitaji hata hiyo ganzi.

Baada ya mashine alipitisha vyuma vya mkono palipobaki vijipande, kisha akayasugua meno kwa brashi ndogo inayozunguka na dawa yenye chembechembe kama mchanga laini. Hiyo huondoa madoa ya chai na kahawa. Mwisho akapaka floridi, dawa inayoimarisha tabaka gumu la nje la jino. Ukipakwa, daktari atakwambia ungoje muda gani kabla ya kula vitu vigumu au vya moto na kabla ya kupiga mswaki tena. Yote, tangu kuingia hadi kutoka, ilikuwa kama saa moja.

Siku mbili za mwanzo meno yangu yalishtuka nikinywa maji baridi na fizi zilitoka damu kidogo. Wiki ya pili nilitema mate meupe asubuhi. Sikumbuki mara ya mwisho hilo lilikuwa lini.

"Kusafisha kunalegeza meno"

Hili nimelisikia tangu utotoni, na mamangu analiamini hadi leo. Daktari hakucheka nilipomwambia, maana anaelewa linatoka wapi. Mtu ambaye mfupa wake umeshaliwa, ukoga mnene ndio uliobaki kuyashikanisha meno yake, kama simenti. Ukiondolewa, anahisi meno yanacheza na anaona nafasi ambazo hazikuwapo. Kumbe yalilegea zamani, na ukoga uleule ndio uliokula mfupa. Kulaumu usafi hapo ni kama kumlaumu aliyeifuta chokaa ukutani kwa ufa alioukuta nyuma yake.

Mswaki wa mti na mswaki wa duka

Nilimwambia daktari kwa fahari kwamba mimi hupiga mswaki wa mti kabla ya swala. Sote twajua jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyousisitiza mswaki. Daktari akasema ni jambo zuri, na kwamba mti wenyewe una vitu vinavyopambana na wadudu wa kinywani. Kisha akanipa kioo na kuniomba nimwoneshe ninavyopiga. Nikapiga. Akasema, "Ami, umesugua meno sita ya mbele."

Ni kweli. Mti hufika mbele kwa urahisi, lakini nyuma ya magego na upande wa ndani wa meno hufiki ila kwa kukusudia. Ushauri wake ni huu: endelea na sunna yako, kata ncha mpya ikichakaa, na usugue kutoka ufizini kwenda kwenye ncha ya jino. Juu ya hayo, mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, na mara moja iwe kabla ya kulala. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki ifanye kazi. Kati ya meno pitisha uzi wa meno au brashi ndogo, maana hapo mswaki wowote haufiki. Kile kijiti tunachochokolea nyama baada ya biriani kiache, kinaumiza fizi.

Kuhusu sukari alinifundisha jambo ambalo sikulijua. Kinachoharibu zaidi si wingi wa halua kwenye sahani bali ni mara ngapi kwa siku meno yanaguswa na sukari. Kahawa tungu na kipande kimoja cha kashata, ukimaliza ukanywa maji, meno yanapata nafasi ya kupumzika. Lakini chai ya sukari saa mbili, nyingine saa nne, soda mchana, chai tena Alasiri, na meno hayapati nafasi hata kidogo. Watoto wetu na mabuyu yao ya mfukoni, wanayoyanyonya toka shuleni hadi nyumbani, ndio walio hatarini zaidi. Na mtoto asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Mpeleke akaguliwe mapema, jino la kwanza likiota au kabla hajatimiza mwaka. Meno ya utotoni huanguka, ndiyo, lakini ndiyo yanayoshika nafasi ya yale ya ukubwani.

Maswali ninayoulizwa barazani

Kwenda mara ngapi? Kwa wengi, kila miezi sita ni kipimo kizuri, ingawa daktari anaweza kukuongezea au kukupunguzia kulingana na hali yako. Mimi nimepewa miezi mitatu.

Pesa ngapi? Bei hutofautiana mno. Mimi nililipa shilingi 4,500 kwenye kliniki ya kibinafsi, pamoja na picha. Hospitali za umma zenye kitengo cha meno kwa kawaida ni nafuu, ila utasubiri zaidi. Ukiwa na bima, uliza kabla ya kukaa kwenye kiti ni nini inalipia. Na usimwendee kila aliyeandika "meno" mlangoni. Madaktari wa meno nchini husajiliwa na baraza lao, KMPDC, na leseni hutolewa kila mwaka. Omba kuiona. Aliye nayo hakasiriki.

Je, saumu? Masheikh wengi husema kutibiwa meno hakubatilishi funga madamu hukumeza kitu kwa kusudi. Lakini kifaa hiki hurusha maji mengi, na salama yako ni kwenda mwezi wa Shaabani au kupanga usiku. Muulize sheikh unayemwamini.

Na akina mama? Unaweza kuomba daktari mwanamke unapopiga simu, na unaweza kuingia na mwenzio. Ujauzito pia si sababu ya kukaa nyumbani. Fizi huvimba kwa urahisi zaidi wakati huo, na kusafishwa meno ni salama, mradi daktari anajua hali yako.

Jambo la mwisho

Nilipokuwa natoka daktari aliniuliza, "Ami, umewahi kupima sukari?" Nikamwambia sijawahi, sina dalili. Akanieleza kwamba sukari ikipanda fizi hushindwa kupigana na wadudu, na fizi zikiwa na maradhi sukari nayo huwa ngumu kuishusha. Kila ugonjwa unausukuma mwingine. Kwa historia ya babangu na zile tano za upande wa kulia, alitaka nipime.

Nilipima. Sukari yangu haijafika kuwa ugonjwa, lakini imesimama mlangoni. Daktari wa kawaida amenipunguzia wali na chai, na ameniambia nitembee. Nilikwenda kusafisha meno, nikarudi na habari ambayo babangu hakuipata hadi alipoanguka.

Mamangu ana sukari pia, na amebakiwa na meno 11. Nilimwonesha mate yangu meupe, nikamweleza habari ya simenti. Alinyamaza kitambo. Jana usiku aliniuliza kama daktari huyo kweli ni mwanamke, na kama mtu huenda ameshakula au huenda na njaa. Nikamwambia ale, apige mswaki, na atie dawa zake mkobani. Tumepangiwa Jumanne, saa nne asubuhi, inshallah.